Dodoma hadi Dar kwa SGR: mama yangu amesafiri tena

Mama yangu alikaa miaka mitano bila kukanyaga Dar es Salaam. Wajukuu wapo huku, mimi nipo huku, na hamu ya kuja alikuwa nayo. Kilichomshinda ni barabara. Ana miaka sabini na kitu, magoti yamechoka, na basi kutoka Dodoma ni saa nane au tisa, ukikutana na foleni ya malori na mizani ndiyo usiseme.

Safari yake ya mwisho ya basi bado inaniuma. Mahali fulani baada ya Gairo konda alitangaza kuchimba dawa, dakika tano. Abiria wakashuka, wanaume upande huu, wanawake vichakani upande ule. Mama hakuweza. Kuchuchumaa hawezi, na kujisitiri kwa khanga mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zake aliona ni fedheha. Akabaki kwenye kiti, akajizuia hadi stendi ya Msamvu, Morogoro. Baadaye nikagundua kwamba tangu jana yake hakuwa amekunywa maji, ili asije akahitaji kushuka njiani. Alifika midomo imekauka, miguu imevimba. Nikajiambia simwiti tena, nitakwenda mimi.

Kwa hiyo treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa, hiyo SGR, ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, sikuitazama kwa macho ya mtu anayetaka kupiga picha. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, mama ataweza?

Kwanza nilipanda peke yangu kujaribu. Safari ya treni ya kawaida ilichukua chini ya saa nne. Nauli ya daraja la kawaida kwa mtu mzima ni shilingi 31,000 kwa hizo kilomita 444 zilizopangiwa bei na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Dar hadi Morogoro ni 13,000. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili analipa nusu. Ipo pia ile ya kisasa zaidi ambayo watu wanaiita mchongoko kwa sababu ya pua yake, ilianza Novemba 2024. Kwa ajili ya mama nilichagua ya kawaida, na sikujuta.

Nikaenda Dodoma kumchukua. Hapa niwape onyo kutoka mfukoni mwangu. Tiketi zinakatwa mtandaoni, unalipa kwa simu, kazi ya dakika chache. Mimi kwa uvivu nilimpa kijana mmoja wa duka la uwakala mtaani anikatie zote mbili. Akaandika jina langu kwenye tiketi zote. Nilikuja kuliona usiku wa kuamkia safari. Ikabidi nikate nyingine mwenyewe, 31,000 ikaenda hivyo hivyo. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, herufi kwa herufi, na kitambulisho chenyewe ubebe. Ukimkatia mzee, kakae naye chini akusomee kadi yake.

Jingine ni muda. Treni haikusubiri ukiwa unakimbia na begi getini. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine kama uwanja wa ndege, kisha tiketi, kisha ndiyo unapanda. Stesheni ya Dodoma haipo katikati ya mji, kwa hiyo hesabu na mwendo wa bajaji. Sisi tulifika karibu saa mbili kabla, na kwa mtu anayetembea taratibu huo ndio muda sahihi. Mama alipita kwa lifti. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama inalipiwa.

Kilichonigusa zaidi ya vyote ni mlango wa behewa. Wanaolijua garimoshi la zamani wanakumbuka zile ngazi za chuma: unashika bomba, unajivuta, mwenzako anakusukuma kwa nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumbeba. Hapa unatoka jukwaani unaingia, mguu mmoja kisha wa pili. Mama aliingia mwenyewe huku ameshika fimbo yake. Alipokaa alinitazama akasema, "Mwanangu, tumeshapanda?"

Nikamwonyesha choo kilipo kabla hata hatujaondoka. Nilitaka ajue kwamba kipo, kina mlango unaofungwa, na haombi ruhusa kwa konda. Nikamfungulia chupa ya maji. Akanywa nusu yake palepale.

Mama ni Mgogo wa upande wa Mpwapwa, na utoto wake wote ulikuwa karibu na reli. Stesheni yao ilikuwa Gulwe. Akiwa binti mdogo alikuwa akipeleka mayai ya kuchemsha na karanga kwa abiria, analiweka sinia kichwani na kukimbia sambamba na dirisha. Ile reli ya zamani ilijengwa na Wajerumani. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Kigoma 1914. Yeye hana habari na miaka hiyo. Anachojua ni kwamba babu yake aliwahi kusimulia juu ya watu waliobeba kokoto. Kwa hiyo tulipotoka Dodoma, mibuyu ikianza kupita kwa kasi, hakuangalia skrini inayoonyesha kilomita 160 kwa saa. Alikuwa anaitafuta Gulwe.

Ilipofika aliweka kiganja kwenye kioo. Akanionyesha milima kwa majina yake, akaniambia mto uko wapi na maji yalikuwa yanapita wapi. Kipande hiki cha kutoka Gulwe kushuka Kilosa ndicho kilichokuwa kinaitesa reli ya zamani kila masika. Bonde la Mkondoa likijaa, tuta linasombwa na safari zinasimama, wakati mwingine kwa muda mrefu. Reli mpya imenyanyuliwa kwenye matuta na madaraja, na upande wa Kilosa inapita ndani ya milima kwa mahandaki manne. Giza la kwanza lilipoingia mama alinishika mkono. La pili alicheka. La tatu alikuwa anamweleza dada wa kiti cha jirani kwamba mwanga utarudi sasa hivi.

Kuna kitu kimoja nakililia, nacho ni biashara ya stesheni. Garimoshi la zamani lilisimama, na watu wa Gulwe, Kidete na Kilosa walikula kutokana na kusimama huko: mayai, miwa, kuku, asali. Treni hii inasimama kidogo na milango inafungwa. Kasi ndiyo niliyoilipia, naelewa. Lakini ningefurahi sana kuona akina mama wa vijiji hivi wakipewa meza ndani ya hizi stesheni mpya, wauze karanga zao kwa abiria wanaosubiri. Mama alilisema hilo kabla yangu, akiwa bado anatazama nyuma.

Baada ya Morogoro, ukitokea Dodoma, kaa upande wa kulia uione safu ya Uluguru. Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu zinapita haraka kama vituo vya daladala, na ghafla ni mabati ya Dar na joto lake. Magoti ya mama yalikuwa yamekakamaa kidogo tulipofika, kwa hiyo tuliacha watu washuke kwanza. Miguu haikuvimba. Nilimkagua nyumbani, nikiwa nimepiga magoti mbele yake na beseni la maji ya uvuguvugu ambalo halikuhitajika.

Alikaa kwetu wiki tatu. Kurudi alikwenda na mjukuu wake wa miaka kumi, aliyelipa nusu nauli na kubeba begi lote. Mimi niliwasindikiza hadi getini tu, nikaenda kazini. Kabla ya chakula cha mchana simu ikaita. Wamefika, mjomba amewapokea, na mtoto anasema amehesabu mahandaki yote. Kisha mama akachukua simu akaniuliza tiketi za Krismasi zinaanza kukatwa lini, maana dada yake wa Mpwapwa naye anataka kuja, naye magoti yanamsumbua.