Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu: nenda alfajiri, na usianzie kwenye foleni

Malalamiko juu ya kanisa hili yanafanana: giza, msukumano, hakuna bango la kueleza chochote. Ni ya kweli. Mtu anafika saa 4 asubuhi na kundi lake, anaunga foleni ya Kaburi la Yesu, anasimama saa nzima au zaidi, anaruhusiwa kuinama ndani kwa sekunde chache, mtawa msimamizi anamhimiza atoke, basi. Anarudi hotelini hajui ameona nini. Kosa kubwa hapo ni saa aliyofika na mahali alipoanzia.

Kiingilio ni bure. Hakuna tiketi wala kuweka nafasi, na anayekudai hela ya kuingia pale uani anakutapeli. Mlango hufunguliwa alfajiri, saa 10 majira ya baridi na saa 11 kiangazi, na hufungwa saa 1 usiku au saa 3 usiku kufuatana na majira. Ratiba za ibada za ndani hazisogezwi saa mji unaposogeza zake kiangazi, kwa hiyo ukiambiwa saa ya misa, uliza ni saa ya kanisani au ya mjini. Funika mabega na magoti, vaa viatu visivyoteleza, maana mawe ya sakafuni yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanang'aa. Chukua na tochi ndogo. Sababu utaiona chini.

Ukiwahi, utaona mlango unavyofunguliwa. Familia mbili za Kiislamu za mjini, Joudeh na Nuseibeh, ndizo zenye kazi hiyo: mmoja hutunza ufunguo, mwingine hufungua. Kutoka ndani, ngazi ya mbao hupitishwa kwenye kidirisha cha mlango, mfunguaji anaipanda kulifikia kufuli la juu, halafu ubao wa mlango unasukumwa. Mlango wa pili, wa kulia, umezibwa kwa mawe tangu karne ya 12.

Kukosekana kwa mabango hakutokani na uzembe. Wagiriki Waorthodoksi, Wafransisko kwa niaba ya Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia wanaishi humu kwa utaratibu uliothibitishwa na amri ya Sultani wa Kituruki ya 1852: kila kitu kibaki kilivyo. Taa, msumari, zamu ya kufagia daraja la ngazi, vyote vina mwenyewe. Tazama juu ya mlango, chini ya dirisha la kulia: kuna ngazi ndogo ya mbao, nayo imo tayari kwenye mchoro wa 1728. Madhara ya utaratibu huo ni makubwa. Tetemeko la 1927 lilidhoofisha kijengo kinacholifunika Kaburi. Waingereza wakakikaza kwa vyuma mwaka 1947, na vyuma hivyo vikakaa miaka 70, hadi ukarabati wa 2016 na 2017 uliofanywa na wataalamu wa Athens.

Sasa, pa kuanzia. Ukishaingia, pita kando ya kijengo hicho, nenda nyuma yake hadi kikanisa cha Wasiria, kimechakaa na kuta zake ni nyeusi kwa moshi. Ndani kabisa kuna tundu lisilo na mwanga. Washa tochi, inama: ni makaburi ya Kiyahudi ya karne ya 1, mashimo marefu membamba yaliyochimbwa ndani ya mwamba, kila moja la kulaza maiti mmoja. Mapokeo yanayaita ya Yosefu wa Arimathaya, yule aliyemzika Yesu. Wengi wanapita bila kuyaona, na hapa ndipo penye jibu la swali la kila mgeni: iweje Kaburi liwe katikati ya mji, na Wayahudi walizika nje ya ukuta? Wakati wa Yesu hapa palikuwa nje. Palikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, na ukuta wa Herode Agripa uliopazingira ulijengwa miaka ya 41 hadi 44. Baada ya 135 Kaisari Hadriano akapafukia na kujenga hekalu la kipagani juu yake. Konstantino akalibomoa, akaondoa kifusi, akachonga mwamba pande zote hadi kaburi likabaki limesimama peke yake, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 335.

Ukijua hilo, rudi uingie Kaburini. Mapema hivyo foleni huwa fupi. Chumba cha kwanza ni Kikanisa cha Malaika, cha pili ni Kaburi lenyewe: mlango mfupi, nafasi ya watu watatu au wanne. Utagusa bamba la marumaru. Bamba hilo lilipoinuliwa Oktoba 2016, chini yake lilikutwa jingine la kijivu lililochongwa msalaba, na chini yake kitanda cha mwamba. Chokaa iliyoshikiza lile la chini ilipimwa, ikatoa umri wa karibu mwaka 345. Humo ukutani kuna kidirisha kilichokatwa kwenye marumaru. Uchungulie mwamba wa asili. Ni mabaki tu, kwa kuwa Khalifa al-Hakim aliamuru kanisa libomolewe mwaka 1009 na kaburi likakatwakatwa kwa nyundo.

Golgota, mahali pa kusulubiwa Yesu, iko kulia, mara tu uingiapo mlango mkuu. Ngazi zake ni kali na madaraja ni marefu. Wazee washikwe mkono, hasa kwenye kushuka. Juu kuna altare ya Walatini, yaani Wakatoliki, kulia na ya Wagiriki kushoto. Chini ya hiyo ya Wagiriki kuna duara la fedha lenye tundu: piga magoti, ingiza mkono, utagusa mwamba. Kisha shuka kwenye kikanisa cha Adamu, chini yake hasa, uone kwa kioo ufa wa mwamba huohuo. Jiwe la Kupakwa Mafuta lililo mbele ya mlango, ambalo watu hulisugua kwa vitambaa hadi vinanukia marashi, ni la 1810, baada ya moto wa 1808. Heshima yake iko palepale, ila usiambiwe ni la karne ya 1.

Kikanisa cha Mtakatifu Helena, mama yake Konstantino, kinastahili dakika ishirini. Kuta za ngazi zake zimejaa misalaba midogo, mamia kwa mamia, kina kilekile, nafasi ileile, safu kwa safu. Inaelekea ni kazi ya mafundi walioichonga kwa niaba ya mahujaji.

Toka, kisha upite kilango kilicho kona ya kushoto ya ua ukilipa kanisa mgongo. Utapanda kupitia vikanisa viwili hadi juu ya paa, kwa watawa wa Ethiopia, wanaoishi kwenye vyumba vidogo kuzunguka kuba la Helena. Wakopti nao wanadai pahali hapo ni pao. Ongea kwa sauti ya chini. Ni nyumbani kwa watu.

Kuna wanaopendelea Kaburi la Bustani, kaskazini ya Lango la Dameski. Ni tulivu na linasalika vizuri. Ila mwanaakiolojia Gabriel Barkay ameonyesha kuwa kaburi lile ni la karne ya 8 au 7 kabla ya Kristo, wakati Injili inasema kaburi la Yesu lilikuwa jipya.

Anayetaka zaidi aombe mapema kwenye sakristia (chumba cha maandalizi ya ibada) ya Wafransisko ruhusa ya kukesha. Wanakubaliwa wachache. Hakuna kulala wala kuimba kwa sauti, na mlango ukishafungwa hutoki hadi alfajiri. Wagiriki wataanza ibada baada ya saa 6 usiku, Waarmenia wafuate, kisha Walatini, kila mmoja kwa lugha yake, mbele ya Kaburi lilelile.