Cooper Black kwenye lebo za achari: uzoefu wangu wa miezi minne

Natengeneza achari na pilipili ya kusaga nyumbani, na lebo nazipanga mwenyewe kwenye kompyuta. Zamani nilitumia herufi nyembamba. Zilipendeza kwenye skrini, lakini chupa ikishawekwa dukani kati ya nyingine jina halionekani. Miezi minne iliyopita nikajaribu Cooper Black, fonti (yaani mtindo wa herufi) nene ya mviringo, ambayo kumbe nilikuwa nayo siku zote, maana inakuja na Microsoft Office.

Fonti hii ni ya siku nyingi. Aliichora Oswald Cooper wa Chicago, na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa mwaka 1922, enzi za kuchapa kwa herufi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Miaka ya 1960 na 1970 ikapata umaarufu upya, ikajaa kwenye majalada ya santuri na vifuani mwa fulana. Jina la shirika la ndege la easyJet, ubavuni mwa ndege zao, limeandikwa kwa fonti hiyo hiyo.

Nimeipendea umbo. Haina kona kali popote. Miguu ya herufi imeumuka kama maandazi, o imeegemea nyuma kidogo, na nukta ya i ni kama yai lililolazwa. Ni nene lakini haikufokei. Na Kiswahili kinaikaa vizuri mno, kwa kuwa maneno yetu yanaishia na irabu. Andika "Achari ya Embe" uone zile a na e za mviringo zinavyofuatana! Mimi hupunguza pia nafasi kati ya herufi hadi zikaribie kugusana, jina likawa kitu kimoja.

Shida zake nimezijua kwa hasara. Karatasi nzima ya lebo iliharibika kwa sababu niliandika viambato kwa saizi ya 8: matundu ya a na e ni madogo, wino ukayaziba. Sasa jina tu ndilo Cooper Black, mengine yote naandika kwa Arial. Halafu usibonyeze kitufe cha kukoleza. Fonti yenyewe imeshakolea, na Word inachofanya ni kuinenepesha hadi matundu yafe. Herufi kubwa tupu nazo sizishauri, zinasongamana na ule ulaini wote unapotea. Maneno marefu ni mtihani mwingine. "Imetengenezwa" ilinila upana wote wa lebo, nikaandika "Kazi ya nyumbani" kwa mistari miwili.

Nisingeiweka kwenye tangazo la msiba wala barua ya ofisi. Kwa chakula, fulana, bango la mgahawa au kadi ya sherehe ya mtoto, naichagua bila kufikiri mara mbili.

Wiki hii napanga lebo ya ndimu. Neno "Ndimu" lina nukta moja tu, nami nimeipaka kijani.