Omena ya Kibuye kwa anayejipikia hosteli

Kwa mwanafunzi wa Kisumu, omena (dagaa wakavu wa Ziwa Victoria) ya soko la Kibuye inashinda chipsi na soseji za kila jioni: ina protini tele, na kwa kuwa huliwa mzimamzima na mifupa yake, kalsiamu pia. Chagua inayong'aa kama fedha na kuvunjika kavu ukiikunja. Iliyogeuka rangi ya kahawia mafuta yake yamechacha. Itakuwa chungu hata uiunge vipi.

Kasoro kubwa ni mchanga, hasa iliyoanikwa chini. Ya chanjani ni safi zaidi, iulizie. Ioshe kwa maji vuguvugu, uiopoe kwa mikono badala ya kumwaga maji, maana mchanga hutuama. Rudia mpaka sufuria isikwaruze. Kaanga kwanza, ndipo utie nyanya. Ukitanguliza nyanya, inavurugika.