Dungusi la Krismasi au waridi la jangwani: lipi lifae baraza ya Dar?

Kila Novemba naulizwa: nipande lipi lichanue sikukuu?

Tuanze na maua, maana hapo ndipo wengi huumia. Dungusi la Krismasi si mmea wa jangwani. Asili yake ni misitu ya milima ya pwani ya Brazili, ambako huota juu ya miti. Ili lifanye vitumba linataka usiku mrefu, saa 12 au zaidi, na ubaridi chini ya nyuzi 20 hivi kwa wiki kadhaa. Desemba ya Dar usiku huwa mfupi, na joto halishuki sana chini ya 24. Langu la Tabata lilitoa vitumba vinne Agosti, baada ya Julai yenye upepo. Viwili vikadondoka nilipohamisha chungu. Lushoto kuna baridi ya kutosha, ila hata huko usiku mrefu huja Juni, si Desemba.

Waridi la jangwani ni la kwetu Afrika Mashariki, nalo jua kali hulifurahisha. Adui yake ni masika: maji yakituama, shina linalainika na kunuka. Utomvu wake una sumu, kwa hiyo mwenye watoto wadogo aliweke juu au aliache.

Kwa kumwagilia, waridi linasubiri udongo ukauke kabisa. Dungusi linataka unyevu kidogo na kivuli.

Mimea yote miwili huota kwa kipande kilichokatwa kwenye mmea mkubwa, kwa hiyo usinunue miche miwili ya aina moja.

Baraza yako ina jua siku nzima? Waridi. Ina kivuli, na una subira hadi Agosti? Dungusi.