Huduma za usimamizi wa majengo: mpangaji akivunjiwa, zinamfaa nini?

Kampuni nyingi za usimamizi wa majengo hujinadi kwa ulinzi wa saa 24. Mpangaji akivunjiwa, jibu la kwanza analopewa ni kwamba mali yake haiwahusu. Jibu hilo lina ukweli, ila si wote, na ndiyo maana huduma hii hatuwezi kuipa zaidi ya nyota 3 kati ya 5.

Ni kweli kwamba bima ya mwenye jengo kwa kawaida hugusa jengo lenyewe: kuta, paa, milango. Kompyuta na bidhaa za mpangaji zinahitaji bima yake mwenyewe. Wasichokisema ni habari ya uzembe. Ukiwa umewaandikia kwamba komeo la mlango wa nyuma halishiki, wakanyamaza, na mwizi akaingilia hapo hapo, una hoja ya kudai fidia. Akipitia dirishani, barua ya komeo haikusaidii kitu. Kwa hiyo taarifa ya ubovu iende kwa maandishi, yenye tarehe na picha. Maneno ya simuni hukanwa. Soma pia mkataba wa pango, hasa wa duka au ofisi, maana mara nyingi matengenezo ya milango humwangukia mpangaji.

Penye udhaifu mkubwa ni funguo. Mpangaji anahama, anaingia mwingine, kitasa ni kile kile, na nakala ziko mikononi mwa nani hakuna ajuaye. Hili halina udhuru hata kidogo. Kwenye vitasa vya silinda (kipande kinachoingia ufunguo, kinachobadilishwa peke yake), fundi hufungua skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, anachomeka ufunguo, anauzungusha kidogo mpaka kijino cha katikati kilale sawa na silinda, kisha anaivuta na kuweka mpya. Ni kazi ya dakika chache. Isipofanyika, mwizi mwenye nakala huingia bila kuacha alama, na bima nyingi za wizi hudai alama za kuvunja. Mpangaji anaumia mara mbili.

Kamera nazo hurekodi juu ya picha za zamani diski ikijaa. Siku hiyo hiyo ya wizi, omba kwa maandishi zihifadhiwe, ukitaja saa unazozitaka, na angalia kama saa ya mtambo inakwenda sawa. Ripoti ya polisi ipatikane mapema, na bima nao waarifiwe bila kuchelewa.

Kinachostahili sifa ni wepesi wa kurudisha mlango mahali pake. Kagua tu bati la fremu linalopokea ulimi wa kitasa: skrubu fupi hushika ubao wa fremu peke yake, na teke moja linaling'oa. Sisitiza wakufungie skrubu za milimita 75 zinazofika ukutani, zenye plagi (vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu) kama ukuta ni wa tofali.

Kabla ya kusaini, omba uoneshwe daftari la funguo, linaloonesha nani ana nakala. Meneja asiye nalo, mwambie abadilishe silinda kwanza ndipo ulipe kodi.