Barua ya gavana, mkono wa karani: duka la makaratasi ya zamani hapa Lubumbashi

Muuzaji aliitangaza kuwa barua ya gavana iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, akataja dola 150. Mimi nimekula mshahara wa ukarani katika ofisi za jimbo mpaka nikastaafu, kwa hiyo kabla ya kusema bei nikaomba itolewe kwenye plastiki.

Hapo nampa alama zake: hakununa. Wengine mjini wanakutaka ununue kitu bila kukigusa. Huyu akasema, "Papa, peleka hata dirishani, angalia mpaka ushibe."

Nikashiba. Barua imetoka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu kwa jina la zamani, mwaka 1924, chini ina sahihi ya makamu wa gavana mkuu wa Kongo ya Wabelgiji, maana Katanga ilikuwa na makamu wake hadi mageuzi ya 1933. Anamjibu mlowezi mmoja aliyelilia kiwanja, anamwambia apeleke ombi lake kwa Comité Spécial du Katanga, chombo kilichoundwa mwaka 1900 na kupewa mamlaka ya kugawa ardhi na migodi ya huku. Adabu tupu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na wenyeji wenye ardhi hawatajwi popote. Kwangu thamani ya karatasi hii iko hapo kuliko kwenye sahihi.

Sasa mkono. Herufi ni za mviringo, zimelala upande mmoja, nafasi ni sawa kana kwamba chini kulikuwa na mistari, na kila herufi kubwa ina mkia wake. Huo ni mkono wa mtu aliyelipwa kunakili. Sahihi ina wino mweusi zaidi na kalamu nyembamba, imepigwa kwa haraka mpaka ikakanyaga neno la mwisho. Ofisini ndivyo tulivyofanya hata sisi: karani anaandaa, mkubwa anasaini, tena mara nyingine hasomi. Kwa hiyo ni barua ya gavana, ndiyo, lakini mkono wake uko kwenye sahihi peke yake, na bei za vitu hivyo viwili haziwezi kulingana.

Kuhusu umri sina ubishi. Wino umegeuka kahawia, na ukipindua karatasi unaona palipokandamizwa kalamu pametokeza nyuma. Wino wa zamani wenye chuma ndani yake hula karatasi hivyo. Mahali pawili pametoboka kabisa.

Kilichoniudhi ni skochi. Kuna mtu alibandika mkunjo wa katikati, gundi imekuwa ya njano na imemeza nusu ya neno. Ukiinunua karatasi ya namna hii usithubutu kuibandua mwenyewe, utaondoka na maandishi.

Alinitolea na nyingine, eti ya zamani zaidi, kwa hiyo ghali zaidi: kichwa chake kimeandikwa Élisabethville, 1908. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, wakati wa Wangermée, makamu wa kwanza wa gavana mkuu hapa Katanga, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Gavana gani aliandika kutoka mji ambao haujazaliwa? Muuzaji akacheka, akairudisha kwenye droo. Akairudisha, hakuitupa, kwa hiyo mkienda mtaikuta.

Ile ya 1924 tulikubaliana dola 60, na akaniandikia risiti yenye maelezo niliyoyataka: "imeandikwa na karani, sahihi ya makamu wa gavana mkuu." Hapo alinifurahisha kweli. Bahasha halisi haipo, na hana habari ya maana kuhusu ilikotoka zaidi ya "familia moja ya zamani". Kwa mkusanyaji hilo ni pengo kubwa.

Duka ni dogo na lina vumbi, vitabu vimerundikwa chini, lakini mlango unaingiza mwanga wa kutosha hadi mchana. Nendeni na kioo cha kukuza, na dola safi. Noti yangu ya 20 ilikuwa imechanika pembeni kidogo tu, upana wa ukucha, akaikataa. Mtu huyohuyo aliyeniuzia karatasi yenye matundu mawili na skochi.