Rafu za Ukutani: Kagua Ukuta na Fisha Kabla ya Ubao

Wasomaji kadhaa wa Isevya na Ng'ambo, hapa Tabora, wamelalamika kwamba rafu zao zimeng'oka na kuondoka na vipande vya plasta, na karibu wote wanaulaumu ubao. Ubao hauna kosa. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, na tofali lililokaa pembezoni mwa tanuri mara nyingi hubaki laini hata kama kwa nje limepakwa rangi ya kupendeza.

Kinachosahauliwa ni fisha, kile kipande cha plastiki kinachotangulia shimoni kabla ya skrubu. Fisha ya kawaida ya milimita 8 ina urefu wa milimita 40 hivi. Plasta ikiwa nene kwa milimita 20, nusu nzima ya fisha haijashika kitu, na kadiri rafu inavyokuwa pana ndivyo skrubu ya juu inavyovutwa zaidi. Nunua yenye urefu wa milimita 60 au zaidi, pamoja na skrubu inayoizidi kidogo. Fundi azime mpigo wa nyundo wa drili ili tofali lisipasuke, na aangalie vumbi: likiwa jekundu amefika kwenye tofali, likiendelea kuwa la kijivu au la udongo yumo kwenye kiungo cha kati ya matofali, basi asogeze shimo. Kisha apulize vumbi lote kabla ya kuchomeka.

Sifichi upendeleo wangu kwa fisha za nailoni za Fischer, kampuni ya Ujerumani ambayo mwasisi wake, Artur Fischer, alizibuni mwaka 1958. Zile zinazochotwa kwenye kopo bila pakiti wala kipimo, muuzaji akiapa kwamba "zote ni moja", nyingi huzunguka shimoni pamoja na skrubu.

Kwa ubao, naweka mninga mbele, kwa sababu ukikaushwa vizuri haupindi ovyo. Kipande cha mita 1 chenye upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 2.5 kina uzito wa kilo 4 hivi, kabla hujaweka hata sufuria moja. Uwekee mabano ya chuma yenye mshazari, mkono mrefu ukae ukutani. Plaiwudi ya milimita 18 inafuata. Msonobari ni wa tatu: ni mwepesi, lakini uwe umetiwa dawa ya mchwa, na mabano yasiachane zaidi ya sentimita 60. Chipbodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ni ya bei rahisi, ila ikilowa huvimba.

Linalonikera zaidi ni bei. Tunaishi katikati ya miombo inakoota mininga, lakini ubao unaouzwa kwa jina la inchi 1 ukiupima baada ya kurandwa unakuta robo tatu, na ukihoji unaambiwa randa ndiyo iliyokula, ilhali fedha umelipa za inchi nzima. Nenda na futi yako, upime mbele ya muuzaji kabla hujatoa pochi.